UKURASA WA NYUMBANI: Majina ya Wazee Wetu Katika Kitabu cha Ubatizo



Mwezi huu nataka tuzungumze habari ya kitabu ambacho jina la kila mmoja wetu limo ndani yake, lakini ni wachache waliokwisha kukiona kwa macho. Nacho ni kitabu cha ubatizo, kile kikubwa kinachokaa kabatini katika ofisi ya padre. Watu wengi hukikumbuka mara mbili tu: siku ya kubatiza mtoto, na siku ya kutafuta cheti kwa ajili ya ndoa. Lakini kina kazi nyingine, ambayo siku hizi ni kubwa kuliko zamani: kinatunza majina ya wazee wetu.

Sababu ya kuandika haya ni swali ambalo vijana huuliza mara kwa mara. Wengine wamezaliwa Karatu, wengine Babati, wengine Katesh, na wengine Arusha au Dar es Salaam. Wanajua kwamba asili yao ni Mbulu, hata hivyo wakiulizwa, "Babu wa baba yako alikuwa nani, na alikaa wapi?" hutaja jina moja, kisha hunyamaza. Wazee waliojua kuhesabu vizazi mmoja baada ya mwingine wanapungua kila mwaka. Mzee akifa pasipo kuulizwa, hapana awezaye kumwuliza tena. Basi na tutazame kitabu hiki kinaweza kutusaidia kwa kadiri gani, na mahali gani msaada wake unakoma.

ASILI YA VITABU HIVI

Desturi ya kuandika majina ya wabatizwa ni ya zamani sana, ila hapo kwanza haikuwa na taratibu moja mahali pote. Mtaguso wa Trento mwaka 1563 uliwaagiza maparoko waweke kitabu cha ndoa, tena waandike majina ya wasimamizi wa ubatizo. Baadaye, mwaka 1614, kitabu cha ibada kilichotolewa Roma kikaonyesha namna ya kuandika kila jambo. Ndiyo maana kitabu cha Mbulu na kitabu cha Italia vinafanana kama ndugu wawili.

Huko Uingereza agizo lilitoka serikalini. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa mfalme Henry wa Nane, aliamuru kila parokia iwe na kitabu, na kila Jumapili padre aandike humo, mbele ya mzee wa kanisa, ubatizo, ndoa na maziko ya juma lililopita. Kitabu kilikuwa kiwekwe katika sanduku lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja awe nao padre na wa pili wawe nao wazee wa kanisa. Raia wengi walishuku kwamba ni hila ya kuleta kodi mpya. Shaka yao haikuwa ya bure kabisa, maana mwaka 1783 serikali ilitoza kweli peni tatu kwa kila jina lililoandikwa, isipokuwa la maskini. Kodi ile ilidumu mpaka mwaka 1794. Katika miaka hiyo wengine walichelewesha ubatizo wa watoto wao, na wengine wakaandikwa kuwa maskini hali hawakuwa maskini.

Mwaka 1598 ikaamriwa vitabu viandikwe juu ya ngozi badala ya karatasi, na kila mwaka nakala ipelekwe kwa askofu. Agizo hili lina hekima: kitabu kimoja kikiungua, cha pili kinabaki. Tangu mwaka 1813 zikatumika fomu zilizopigwa chapa, zenye mahali pa jina la mtoto, majina ya wazazi, makao yao na kazi ya baba. Serikali ilianza kuandika vizazi na vifo yenyewe tarehe 1 Julai 1837. Kwa hiyo Mwingereza atafutaye wazee wake wa kabla ya mwaka ule hana budi kurudi katika vitabu vya parokia. Vingi vya vitabu hivyo leo vimewekwa katika nyumba za kumbukumbu za majimbo, na majina yaliyomo husomwa hata kwa intaneti.

Wenye kutafuta kule wamejifunza kanuni ambazo sisi nasi zinatufaa. Kwanza, siku ya ubatizo si siku ya kuzaliwa. Mshairi Shakespeare alibatizwa huko Stratford tarehe 26 Aprili 1564, lakini siku aliyozaliwa haikuandikwa. Pili, hesabu ya miaka yaweza kudanganya. Mpaka mwaka 1752 mwaka wa Waingereza ulianza tarehe 25 Machi. Basi mtoto aliyeandikwa Februari 1720 alibatizwa baada ya yule wa Juni 1720, wala si kabla yake. Tatu, jina moja si mtu mmoja. Katika kijiji kidogo waweza kukuta akina John watatu wenye jina moja la ukoo, na asiye mwangalifu akajitwalia babu wa jirani.

MWAFRIKA KATIKA KITABU CHA LONDON

Tusidhani kwamba majina ya Waafrika yako katika vitabu vya kwetu tu. Katika parokia ya St Botolph, Aldgate, mjini London, tarehe 3 Juni 1597, aliandikwa msichana aitwaye Mary Fillis. Alikuwa na miaka kama 20, binti wa mtu wa asili ya Wamori wa Afrika ya Kaskazini, aliyekuwa fundi wa kusuka vikapu na kutengeneza sepetu. Msichana huyo alikuwa mtumishi wa mwanamke mshonaji. Karani wa kanisa hakuandika jina peke yake; alieleza kwamba aliulizwa maswali ya imani akayajibu, akasali Baba Yetu, ndipo akabatizwa. Walimu wenzangu, je, hamumtambui? Huyu ni mkatekumeni, kama wale tunaowafundisha sisi vigangoni. Zaidi ya miaka 400 imepita, na kazi ya baba yake inajulikana mpaka leo kwa sababu karani mmoja hakuona uvivu wa kuandika mistari michache zaidi.

Pwani yetu nayo ina mifano. Chuma, Myao aliyefuatana na Dr. Livingstone, alibatizwa Bombay mwaka 1865 akaitwa James. Mwenzake Susi alibatizwa Zanzibar mwaka 1886 akaitwa David. Atafutaye habari za Chuma hana budi kuvuka bahari mpaka Bara Hindi. Tena huko Bagamoyo, ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868, wengi wa wabatizwa wa kwanza walikuwa watoto waliokombolewa utumwani. Mtoto aliyenyakuliwa angali mdogo aliwezaje kutaja jina la babu yake? Kwa watu wa namna hii ubatizo ndio mwanzo wa maandiko yao yote. Nyuma yake ni giza. Sisi wa Mbulu ambao wazee wetu walibatizwa wakiwa nyumbani kwao, na wazazi wao wakiwa hai, tumepewa bahati ambayo wale hawakuipata. Ni aibu kuichezea.

KITABU CHETU NA NAMNA YA KUKISOMA

Injili ilifikishwa katika nchi ya Mbulu na Mapadre Weupe zamani za Wadachi. Mwaka 1943 Mbulu ikafanywa prefektura, na kazi ikakabidhiwa Mapadre wa Pallotti waliotoka Ireland. Nayataja haya kwa kuwa mwandiko wa kitabu na tahajia ya majina hufuata mkono wa mwandishi na taifa lake.

Vitabu vya kwanza viliandikwa kwa Kilatini, lakini msomaji asiogope, kwani maneno yenyewe ni machache. *Filius* ni mwana wa. *Filia* ni binti wa. *Natus* au *nata* ni aliyezaliwa. *Patrinus* ni msimamizi wa kiume, na *matrina* wa kike. *Circa* ni yapata, yaani mwaka haukujulikana hasa. *In periculo mortis* ni katika hatari ya kufa. *Ignotus* ni asiyejulikana. Majina nayo yamevaa nguo ya Kilatini: Joannes ni Yohane, Jacobus ni Yakobo, Aloysius ni Aloisi.

Kila mbatizwa ana namba yake, ndiyo ile iandikwayo katika cheti. Huandikwa siku ya ubatizo, jina, wazazi, mahali, msimamizi na aliyebatiza. Pembeni pameachwa nafasi. Nafasi hiyo ni hazina, kwani sheria ya Kanisa yaagiza kwamba mtu akipata kipaimara au akifunga ndoa, hata mahali pengine, habari irudishwe na kuandikwa pale alipobatizwa. Kwa hiyo bibi aliyebatizwa Mbulu akaolewa mbali, ukingo wa kitabu waweza kukuambia aliolewa na nani, na parokia gani.

Shida kubwa ya kwetu ni tahajia. Lugha ya Kiiraqw ina sauti ambazo herufi za Wazungu hazikuzizoea: *tl*, *sl*, *hh*, *q*, *x*. Padre aliyesikia jina kwa mara ya kwanza aliliandika kama sikio lake lilivyoweza. Kwa hiyo anayetafuta Tluway na atazame pia Tluwai, Tluwey, hata Luway. Anayetafuta Qamara na atazame Kamara. Anayetafuta Hhawu na atazame Hau na Khau. Usiseme, "Babu yangu hayumo," kabla hujalitamka jina kwa sauti, ukajiuliza mgeni angeliandikaje. Kwa majina ya Kidatoga kuna msaada mmoja: majina mengi ya wanaume huanza na Gida-, na ya wanawake na Uda-, basi hata mwandiko ukififia, mwanzo wa jina utakuonyesha kama ni mwana au binti.

Miaka ya kuzaliwa ya watu wazima waliobatizwa zamani ni ya kukisia. Mtu alisema alizaliwa mwaka wa njaa, au mwaka wa nzige, au kabla Wadachi hawajajenga boma; mwandishi akakadiria. Tarehe ya ubatizo iamini. Mwaka wa kuzaliwa uupime kwanza.

JINA LINALOPOTEA KATIKA VIZAZI VIWILI

Sasa nafika kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Tuseme mtu jina lake Tluway, maana yake mvua, hakubatizwa, lakini mwanawe alibatizwa akaitwa Yosefu. Huyu akajulikana kama Yosefu Tluway. Yosefu akapata mwana, naye ni Paulo Yosefu. Paulo akapata mwana, naye ni Martini Paulo. Tazameni basi: katika vizazi viwili baada ya ubatizo wa kwanza, Tluway ameondoka katika jina. Martini akienda shule na kuajiriwa mjini, hakuna karatasi yake hata moja yenye jina la Tluway. Hakuna aliyemfukuza mzee huyo. Ni desturi ya kuandika tu iliyomsukuma nje polepole.

Lakini katika kitabu cha ubatizo, mbele ya jina la Yosefu, yumo: mwana wa Tluway, pamoja na jina la mkewe. Mzee ambaye labda hakuingia kanisani hata siku moja, jina lake limetunzwa na Kanisa kwa ajili ya mwanawe. Wako Wakristu waonao haya kutaja wazee wao wasiobatizwa, kana kwamba ukoo wao ulianza siku ya maji. Hao na wafungue Injili ya Mt. Matayo waone inavyoanza: inaanza kwa orodha ya vizazi, na orodha hiyo haikuwaficha wala wakosefu wala wageni. Imewataja hata wanawake, Tamari na Rahabu na Ruthu.

Na hapo akina mama wana faida ya pekee. Tunapohesabu ukoo kwa midomo, twawataja wanaume: fulani mwana wa fulani. Bibi huitwa mama fulani, na jina lake mwenyewe husahauliwa upesi. Kitabu kimemwandika mama kando ya baba. Mara nyingi huko ndiko mahali pekee ambapo jina lake la asili limeandikwa kwa wino.

NDOA ILIYOSIMAMISHWA

Mtu asidhani haya ni mambo ya kujifurahisha tu. Katika kigango kimoja kijana na binti waliandikwa kwa ndoa. Walikuwa wamekutana mjini, wazazi wao hawakujuana. Lilipotoka tangazo la kwanza, mjomba wa binti akasimama akapinga. Alisema babu wa kijana na babu wa binti wote ni wana wa Tluway, kwa hiyo hawa ni wa ukoo mmoja. Na kwa desturi ya Wairaqw watu wa ukoo mmoja hawaoani. Machozi yakawa mengi. Sheria ya Kanisa inakataza ndoa mpaka kwa watoto wa ndugu, nao hawa walikuwa mbali zaidi; ila nani angependa kuanza nyumba huku wazee wamenuna?

Kitabu kikafunguliwa. Babu wa kwanza alikuwa mwana wa Tluway, na mama yake ameandikwa; babu wa pili mwana wa Tluway, na mama mwingine, na kijiji kingine. Wengine wakasema, "Basi, ni watu wawili." Lakini hapo hekima ilitakiwa, kwa kuwa mtu mmoja aweza kuwa na wake wawili na miji miwili. Kitabu hakikutaja ukoo. Ndipo likatazamwa jina la msimamizi wa babu wa pili. Msimamizi mwenyewe alikwisha kufa zamani, lakini mwanawe alikuwa hai, mzee sana, akili timamu. Akaulizwa, akaeleza ukoo wa Tluway yule na mahali alipotoka. Wazee wa upande wa pili nao wakaeleza wa kwao. Koo zikawa mbili mbalimbali, na mjomba akaridhika mbele ya watu wote. Tangazo la pili likasomwa, na la tatu.

Angalieni namna walivyoshinda. Kitabu peke yake hakikutosha, wala kumbukumbu peke yake haikutosha. Kitabu kilionyesha mtu wa kuulizwa, na mtu akasema lile ambalo kitabu hakikuandika. Mashahidi hao wawili hawana budi kukaa pamoja. Ndiyo maana nasisitiza jina la msimamizi, ambalo watu hulipita haraka. Zamani lilikuwa na uzito hata kisheria, kwani msimamizi na aliyesimamiwa hawakuruhusiwa kuoana. Katazo hilo liliondolewa kwetu kwa sheria ya Kanisa ya mwaka 1983. Lakini kwa mtafutaji bado ni mlango.

Tena kuna manufaa ya kiserikali. Mtu mzima asiye na cheti cha kuzaliwa, akienda kukiomba, cheti cha ubatizo huweza kuwa mmoja wa ushahidi wake. Wakumbukeni pia makuhani waliorudi kutoka Babiloni katika kitabu cha Ezra: walitafuta majina yao katika orodha ya vizazi wasiyaone, wakazuiliwa ukuhani.

MASHAURI KWA NYUMBA NA WALIMU

Atakaye kuanza, na aanze nyumbani. Chukua daftari, andika jina lako, la baba, la mama, la babu na bibi wa pande zote mbili. Kwa kila mmoja andika ukoo, mahali alipokaa na parokia yake. Waulize wazee kwanza kabla ya kwenda kwa padre. Mzee hangojei, kitabu kitangoja. Ukimwuliza, kaa chini, mpe nafasi; usimhoji kama karani wa mahakama.

Pili, ujue parokia mama. Parokia nyingi za leo zilikuwa vigango hapo zamani, na majina ya wakati ule yako katika kitabu cha parokia iliyovizaa. Usipomwona babu katika parokia yako, si kwamba hakubatizwa. Tafuta kule kigango kilikotoka.

Tatu, nenda kwa adabu. Omba ruhusa ya paroko, taja namba ya cheti kama unayo, na umwachie yeye au karani wake akutafutie. Kitabu hakiazimwi, hakitolewi nje, wala mtu haongezi neno kwa kalamu yake. Ukiona kosa, mwambie padre; yeye anajua njia ya kulisahihisha. Na kama macho yako yakiangukia habari ya nyumba nyingine, mathalan mtoto ambaye baba yake hakuandikwa, funga kinywa. Kitabu hakikuwekwa ili majirani waaibishane.

Nne, walimu wenzangu, sisi ndio tunaowaandikia mapadre majina kwenye karatasi kabla ya ubatizo. Tuyaandike vizuri. Mwulize mama atamke jina mara mbili. Andika jina lake la asili, si "mama Yohane". Andika majina matatu ya baba. Andika kitongoji. Kitabu hakina mahali pa ukoo, lakini daftari la kigango laweza kuwa napo, nani atuzuiaye? Kazi hii huchukua dakika tano tu. Mtoto tunayemwandika leo, mjukuu wake atakuja kutafuta, na mwandiko wetu ndio utakaomjibu.

Tano, kila nyumba iwe na karatasi yake. Mkikutana kwa Noeli au kwa Pasaka, mmoja asome majina ya wazee kwa sauti, waliobatizwa na wasiobatizwa, nanyi mwaombee wote. Watoto wakiyasikia kila mwaka watayashika bila kufundishwa.

Kitabu kinaliwa na mchwa, na mzee analiwa na miaka. Mwezi huu kabla haujaisha, kila msomaji amwulize mzee mmoja jina moja asilolijua, akaliandike.

Wasalaam, nami ni mwalimu wenu wa ukurasa huu.